Mgonjwa wa GIST (saratani ya njia ya chakula) anaambiwa "rudi wiki ijayo" kana kwamba anameza panado!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha.

Bi mkubwa wangu ana GIST, uvimbe ulioanzia kwenye mfuko wa tumbo ukasambaa hadi kwenye ini. Hauwezi kukatwa wote. Anaishi kwa imatinibu, miligramu 400 kila siku, anameza na chakula na maji mengi. Asubuhi macho yanamvimba, usiku misuli ya miguu inambana, lakini anapika, anakwenda jumuiya, anagombeza wajukuu. Kabla ya vidonge hivi alikuwa hatoki kitandani.

Sasa tukifika dirisha la dawa: "Imeisha, mrudi wiki ijayo." Wiki ijayo, wimbo ule ule. Juzi mhudumu akathubutu kutuambia, "Si kipimo kimeonyesha uvimbe umetulia? Apumzike kidogo, hakuna shida."

Hakuna shida kwa nani?

Umetulia kwa sababu dawa imo mwilini! Jeni ya KIT iliyoharibika huziamuru seli zigawanyike bila kukoma. Imatinibu huizuia tu. Ukiitoa, kazi inaanza upya. Wafaransa walilipima hili na matokeo yakachapishwa 2007. Wagonjwa waliokuwa wametulia baada ya mwaka mmoja wa dawa waligawanywa: 32 wakasimamishwa, ugonjwa ukasonga mbele kwa 26. Walioendelea kumeza walikuwa 26, ukasonga kwa 8. Wengi wa waliosimamishwa walirudishiwa dawa ikawashika tena. Wao walikuwa na dawa ya kurudia. Sisi turudie nini?

Na msiniambie ni dawa ya matajiri. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliinyima kampuni ya Novartis hataza (haki ya kutengeneza peke yake) ya Glivec, ambayo ndiyo imatinibu yenyewe kwa jina la dukani, viwanda vya huko vikaendelea kuitengeneza kwa bei ya chini mno. Mwaka 2015 WHO ikaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu.

Wagonjwa wenyewe wako kwenye daftari, dozi inajulikana, tarehe ya kurudi wameiandika wao. Mnashindwaje kuagiza mapema? Duka la ng'ambo ya barabara linayo, ndiko tunakonunua kwa michango ya kundi la ukoo, na kadi ya bima mkononi!

Wenye wagonjwa wa dawa hii, kwenu hali ikoje? Na kama humu yupo mfamasia au mtu wa manunuzi, anijibu: mwenye jukumu la kuagiza ni nani, na malalamiko ya maandishi niyapeleke meza ipi? Nitajieni cheo. Pole nimeshapewa za kutosha.