Maelekezo ya mashine ya mayai ni ya Farenhaiti, themostati yangu ni Selsiasi: nageuzaje?

kuku_wa_uani
Wakuu, naunda mashine ya kutotolesha mayai 60 ya kuku: boksi la plaiwudi, balbu mbili, feni moja. Themostati ni ile kadi ndogo ya W1209, inaonyesha Selsiasi tu. Maelekezo niliyonayo ni ya Kimarekani: joto 99.5°F, lisipande wala kushuka kwa zaidi ya 1°F. Hiyo 99.5 nimetoa 30 nikagawa kwa 2, nikapata 34.75. Hiyo 1°F nimeipitisha kwenye kanuni yenyewe ya shuleni, ikanipa −17.2! Niweke ngapi kwenye kadi?

fundi_themo
Mayai yasiingie kwanza, mkuu. Hapo kuna makosa mawili, na kila moja lina sababu yake.

"Toa 30, gawa kwa 2" ni ya kukisia hali ya hewa. Kwenye 50°F inapatia kabisa, 10°C. Ukipanda juu inakupunja, na kwenye 99.5 imekupunja nyuzi 2.75. Kwa 34.75 vijusi vitakua kwa kuchelewa na vingi vitafia ndani ya ganda. Fanya hivi: 99.5 − 32 = 67.5. Mara 5 ni 337.5. Gawa kwa 9, ni 37.5°C.

Sasa hiyo 1°F. Tunatoa 32 kwa sababu vipimo hivi havianzii pamoja: maji yanaganda 0°C, upande wa pili 32°F. Lakini 1°F ya maelekezo yako si joto la kitu, ni umbali kati ya joto moja na jingine. Umbali hautolewi 32. Zidisha kwa 5, gawa kwa 9, basi: 0.56°C. Kwa hiyo unaruhusiwa kucheza kati ya 36.9 na 38.1.

Kwenye kadi, shikilia SET mpaka itokee P0, weka H (kupasha, C ni kupoza, na wengi wanaiacha hapo halafu wanashangaa balbu haizimi joto likipanda). P1 ndilo pengo la kuzima na kuwasha. Ikiwa 2, balbu itazima 37.5 na haitawaka tena mpaka ishuke 35.5. Weka 0.3. Kwa kuwa kadi inazima kwenye namba uliyoweka na kuwasha chini yake, weka 37.6 ili wastani uangukie karibu na 37.5.

hesabu_za_kichwani
Kwa anayefanya kazi hii kila siku, kariri namba moja tu: 98.6°F ni 37°C kamili. Kuanzia hapo kila 0.9°F ni 0.5°C, na kila 1.8°F ni 1°C. 99.5 ni 98.6 na 0.9 juu yake, yaani 37.5. Humalizi hata kutafuta kalamu.

Na 100°F msiiite 38. Ni 37.8. Kwenye chai haidhuru, kwenye yai inadhuru.

mama_vifaranga
Niongeze hapo: 99.5 ni ya mashine yenye feni. Isiyo na feni maelekezo huandika 102°F, yaani 38.9°C, ikipimwa usawa wa mgongo wa yai, kwa sababu hewa ya juu ni moto kuliko ya chini. Ukichukua 38.9 ukaiweka kwenye boksi lenye feni, umeyapika. Hapo kosa si la kugeuza, namba yenyewe ni ya mashine nyingine.

kuku_wa_uani
Asanteni sana. Nimeweka 37.6 na 0.3. Ila kipimajoto cha homa nilichofunga pamoja na sensa kinasoma 100.2°F wakati kadi inasoma 37.5. Nani mwongo?

fundi_themo
100.2 − 32 = 68.2, mara 5 gawa kwa 9 ni 37.9. Kadi iko chini kwa 0.4. Lakini usimhukumu bado: kipimajoto cha homa kinashikilia namba ya juu kabisa kiliyofikia, na ndani ya boksi huenda kilinasa balbu ilipokuwa inawaka. Chukua kikombe cha maji ya uvuguvugu, karibu nyuzi 38, tumbukiza ncha zote mbili zikigusana, koroga, soma kadi pale pale kipimajoto kinapolia. Tofauti ikibaki ile ile, ingia P4, sehemu ya kusahihisha usomaji wa kadi, uandike 0.4. Kadi ikiwa inasoma juu ya kipimajoto, unaandika hasi. Usijaribu kwa maji yanayochemka: Nairobi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, utasahihisha kadi iliyokuwa sawa.