Honda CG 125 ya marehemu babu imelala stoo tangu 2006, nitajuaje injini imechoka kiasi gani?

KijanaWaTukuyu
Habarini wakuu. Kuna CG 125 ya marehemu babu, zile za platini (swichi ya kuwasha cheche ya plagi) na umeme wa volti 6. Babu alikuwa bwana shamba, amezunguka nayo vijiji vya huku miaka na miaka. 2006 ikaingizwa stoo haijaguswa tena, na Tukuyu mnaijua mvua yake, kuta zenyewe zinatoa unyevu. Juzi nimeitoa nikaifuta vumbi, mita inasoma kilomita elfu 31 na kitu ila waya wa spidi umekatika, sasa sijui ulikatika lini. Fundi mmoja wa bodaboda alitaka tutie petroli mpya tuipige kiki tusikilize kama inagonga, nikamzuia maana roho iliniuma. Siiuzi hii, nataka itembee tena. Napimaje uchakavu bila kuharibu kilichobaki? Natanguliza shukrani.

MzeeWaPlatini
Umefanya la maana kumzuia mdogo wangu. Kiki usiiguse kabisa kwa sasa. Pistoni ikikaa sehemu moja miaka yote hiyo ringi zinashikana na ukuta wa silinda kwa kutu palepale zilipolala, na kiki ina nguvu kuliko unavyodhani, ringi haikunjiki ile, inavunjika, na kipande kikishachora silinda basi kazi ya kusafisha imegeuka kazi ya kuchonga bloku.

Toa plagi, chukua sirinji, ingiza kama mililita 10 za oili nyepesi, mimi natumia ile ya gia boksi za otomatiki, uache siku mbili tatu. Ukirudi weka gia ya juu kabisa, plagi ikiwa nje, sukuma tairi ya nyuma kwa mkono taratibu mbele na nyuma. Ikigoma ongeza oili usubiri tena, usilazimishe.

Wakati unasubiri mwaga oili ya injini kwenye beseni jeupe. Legeza nati ya chini polepole, kama kuna maji yatatangulia kutoka kwa sababu yamekaa chini ya oili, na hapo ndipo wasiwasi wangu utahamia kwenye beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kuliko pistoni. Hii injini haina filta ya karatasi, ina kikombe kinachozunguka na krenki upande wa kulia ndani ya kava la klachi, uchafu wote unagandia humo. Kikwangue kwa kucha. Tope jeusi laini ni kawaida, ukiona vimeta vya chuma kuna kitu kimeliwa.

Garage_Kasulu
Mkuu mbona mnazunguka sana, azima geji ya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) upime, ikiwa chini fungua injini, biashara imeisha.

MzeeWaPlatini
@Garage_Kasulu kwa pikipiki iliyotoka barabarani jana nakubali. Kwa iliyolala hapana. Ringi zikiganda kwenye mifereji yake kompresheni inashuka, valvu iliyolala wazi ikapata kutu kwenye kiti chake inashuka pia, na vyote viwili havimaanishi injini imechakaa. Kulala ni kitu kimoja na kuchoka ni kingine. Pima ikishalegea, akseli wazi yote, pima kavu kisha tia kijiko cha oili upime tena. Ikipanda ni ringi au silinda, isipopanda tazama valvu.

Halafu kijana, ingiza spoku kwenye tundu la plagi iguse pistoni, pistoni ikiwa katikati ya mwendo wake, tikisa magneto (gurudumu la sumaku kwenye krenki) huku na huku kidogo kidogo. Magneto ikicheza huku spoku imetulia, beringi ya konrod, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, imeliwa.

DadaWaBloku
Nachonga bloku kila siku so naongezea hapa. Ukifika kufungua usidanganywe na fundi anayetazama tu kwa macho akasema "hii imekwisha". Silinda hii ni milimita 56.5. Chukua ringi ya juu, iweke peke yake chini kabisa ya silinda ambako ringi hazifiki, inyooshe kwa kuisukuma na pistoni, pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia). Kisha ipandishe juu, chini kidogo ya ule ukingo unaoushika kwa kucha, pima tena. Tofauti gawanya kwa 3.14, huo ndio ulaji wenyewe. Mfano chini 0.25 juu 0.55, silinda imepanuka kama 0.1, mimi hapo nachonga na kuweka pistoni ya ovasaizi (kubwa kuliko ya kiwandani) 0.25. Ikiwa ndogo kuliko hapo na hakuna mashimo ya kutu, ringi mpya zinatosha. Mashimo ndiyo nayaogopa zaidi, kutu inaweza kuchimba kuliko kilomita zote za babu yako.

KijanaWaTukuyu
Shikamoo mzee, dada asante sana. Mrejesho: siku ya tatu tairi imezunguka, mwanzo ilikwama kama upana wa kidole kisha ikaachia yenyewe. Oili ilitanguliwa na maji kama kijiko cha chai, kisha ikafuata oili nyeusi. Kikombe kina tope laini, vimeta sijaona hata nilipolisambaza kwenye karatasi juani. Spoku na magneto vinakwenda pamoja. Ila nikimulika tochi kwenye tundu la plagi naona mstari wa kahawia umezunguka ukuta wa silinda pale pistoni ilipokuwa, sijui ni doa au shimo. Fila geji nimeazima, Jumamosi nafungua bloku, nitaweka vipimo vyote viwili hapa.

DadaWaBloku
Ukifungua pitisha kucha juu ya huo mstari kabla hujausugua na kitu chochote. Kucha ikipita bila kukwama ni doa. Piga picha uweke.