Mtoto wa miezi 8 haongezeki uzito, nesi kasema ni zinki. Nimpe nini?

Mama Baraka, Igogo
Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri. Mwanangu wa kiume ana miezi 8 na siku kadhaa. Alipofikisha miezi 6 alikuwa na kilo 7.0, mwezi uliofuata 7.1, na juzi kliniki bado 7.1. Mstari kwenye kadi umelala kabisa. Nilirudi kwenye daladala machozi yananitoka.

Ananyonya vizuri. Anakunywa uji wa lishe mara mbili kwa siku (mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya na karanga, nilisaga vyote pamoja kilo tano), mchana viazi vitamu vya kuponda na supu ya sato. Katikati hapo ameharisha mara mbili. Mara ya pili zahanati walinipa ORS na vidonge vya zinki vya siku 10. Siku ya tatu choo kikakaa sawa, nikaacha. Vidonge 7 vipo kabatini. Sasa nesi wa kliniki kaniambia zinki haimtoshi, ila foleni ilikuwa ndefu hatukuongea zaidi.

Nimalizie vile vidonge? Au kuna chakula cha kumpa? Tunaishi na mama mkwe, namheshimu sana. Hataki mtoto apewe yai, anasema atachelewa kuongea. Dagaa nao anasema watamjaza mchanga tumboni.

Mama Doto
Pole sana shoga, hapo nilipita na wangu wa pili. Mimi nilichukua sirapu ya madini duka la dawa, hamu ya kula ikarudi. Jaribu.

Nesi Mstaafu
Pole mwanangu. Mama Doto, najua nia yako ni njema, lakini sirapu tuiweke pembeni kwanza.

Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji kama miligramu 3 za zinki kwa siku. Maziwa ya mama yanamtosheleza miezi ya mwanzo, ila zinki iliyomo hupungua kadiri mtoto anavyokua. Kwa umri wa Baraka yanampa kama nusu miligramu tu. Usimwachishe, endelea hadi miaka 2 na zaidi, lakini hizo mbili na nusu zilizobaki lazima zitoke kwenye bakuli. Na kwenye bakuli lake, samahani kusema, sizioni.

Supu ya sato ni tamu na inamfungulia koo, ila mchuzi peke yake hauna kitu. Hata minofu ya sato, gramu 100 nzima, haifikishi nusu miligramu. Ni protini nzuri sana, mpe, lakini kwa zinki usiitegemee. Nyama ya ng'ombe ndiyo yenyewe: kipande kilichoiva cha ukubwa wa kiberiti kinatoa kama miligramu moja na nusu. Maini pia, mara moja kwa wiki inatosha kwa sababu yana vitamini A nyingi. Yai moja lina kama 0.6.

Vidonge: kidonge kimoja cha mtoto wa miezi 6 na zaidi kina miligramu 20. Hiyo ni dozi ya kutibu kuhara, na inatakiwa imalizwe siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya pili, kwa sababu kuhara kunaondoka na zinki ya mwili, na mtoto mwenye zinki pungufu anaharisha tena kirahisi. Nahisi ndicho kilichowapata. Lakini sasa zimepita wiki, usimpe hivyo saba kwa kukisia. Zinki ikizidi kwa muda mrefu inazuia madini ya shaba yasifyonzwe. Ndiyo maana sirapu ya kujichagulia siipendi.

Na rudi kituoni wiki hii. Miezi miwili kuongeza gramu 100 tu si ya kusubiri. Omba apimwe wingi wa damu na malaria, ili tusije tukalaumu chakula peke yake.

Baba Kulwa
Nyama si ya kila siku kwetu sote, mkuu. Kwangu tulikuwa tunanunua robo, tunachemsha ilainike kabisa, mama anaitwanga na kuigawa mafungu sita. Fungu moja kwa siku la Kulwa, moja la Doto. Sisi wakubwa tukala mchuzi na mboga, na hakuna aliyelalamika.

Binti wa Mwaloni
Mama Baraka, mimi nauza dagaa, kwa hiyo hapa naomba unisikilize. Dagaa wetu wa ziwani analiwa mzima, na mfupa wake na matumbo yake, ndiyo maana ana madini kuliko mnofu wa samaki mkubwa. Mama mkwe wako hajakosea kuhusu mchanga. Wanaoanikwa chini ufukweni wana mchanga kweli. Omba dagaa wa chanja, wasio na chumvi. Mzuri anang'aa rangi ya fedha na ukimkunja anakatika. Aliyegeuka njano na kunuka mafuta makali mwache hapo hapo.

Toa vichwa, waloweke kwenye maji ya vuguvugu, wapekeche kwa mkono, kisha waopoe kwa juu. Usimwage maji pamoja na dagaa, maana mchanga unakuwa umetulia chini ya sufuria. Rudia mpaka upitishe kidole chini usikute chembe. Anika tena, kaanga bila mafuta mpaka wakauke, twanga, chekecha kwa chujio la chai. Kijiko kimoja cha chakula kwenye uji au viazi, upike pamoja dakika chache.

Mama Baraka, Igogo
Nimesoma yote nikiwa nanyonyesha. Asanteni mno. Nesi, kwa hiyo ule unga wangu ni mbaya?

Nesi Mstaafu
Si mbaya, ila kurundika nafaka nne hakuongezi zinki. Nafaka nzima na soya zina fitati, kitu cha asili kilichomo kwenye mbegu, inaishika zinki tumboni ikatoka nayo. Bora nafaka moja au mbili, na soya na karanga zisikae ndani ya unga wa miezi, karanga zikipata unyevu zinaota ukungu unaotoa sumu, ndiyo sumukuvu. Karanga twanga mbichi kidogo, pika na uji siku hiyo hiyo.

Fitati inapungua ukiloweka, ukichachusha au ukitumia kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka uchipue, anika ukauke kabisa, saga, hicho ndicho kimea. Pika uji mzito, epua, ukipoa kidogo koroga kijiko cha kimea. Utauona unalegea mbele ya macho yako. Urudishe jikoni uchemke tena. Mtoto anakula uji wenye nguvu badala ya maji.

Kuhusu yai, mwambie mama kwa upole kuwa yai lililoiva vizuri halizuii mtoto kuongea.

Mama Baraka, Igogo (mwezi mmoja baadaye)
Wapendwa, nimetoka kliniki. Kilo 7.5! Alikutwa na damu pungufu, akapewa dawa. Mama mkwe nilimwita jikoni nikamwonyesha mchanga uliobaki chini ya sufuria, na dagaa walio safi pembeni. Aliwatafuna wawili, akanyamaza, kesho yake akatwanga mwenyewe. Yai bado, nalizungumza taratibu. Binti wa Mwaloni, huo unga unakaa muda gani kwenye kopo?

Binti wa Mwaloni
Nimefurahi mpaka basi! Twanga wa wiki moja tu, hasa mvua hizi. Kopo liwe kavu na kijiko kikavu. Ukiona umeanza kushikana au kunuka mafuta, mwaga.