Niko daktari peke yangu huku kijijini, nihame au nivumilie?

Wakuu habari. Mwaka wa pili sasa niko hospitali ndogo huku ndani ndani, na daktari ni mimi tu. Oncall yangu haina zamu, usiku nikiitwa ni mimi, asubuhi OPD (wagonjwa wa nje) ni mimi, nikiumwa sijui nani ananiona. Juzi tumempasua mama mmoja, mtoto katoka salama, tunashona umeme ukakata na jenereta haina mafuta, tumemalizia kwa tochi ya simu ya nesi. Nilipotoka nikakaa kwenye benchi hata gauni nimeshindwa kuvua. Mshahara siyo ishu sana, kinachoniua ni kukosa hata mtu wa kumuuliza "we ungefanyaje?" Ila nikiomba uhamisho naona kama nawatelekeza wagonjwa.

Kiroboto: Hama dokta. We siyo nguzo ya jengo.

Mkongwe wa Wodi: Pole mdogo wangu, usikurupuke. Mi nilikaa huko miaka 6, kilichoniokoa ni bingwa mmoja wa uzazi wa hospitali ya rufaa, tulikubaliana nampigia hata saa nane usiku. Omba kitu kama hicho kwa barua, kiwe rasmi, na mtu wa kukushikia ukienda likizo. WHO walitoa mwongozo wa kuwabakiza watumishi vijijini 2010 wakaurudia 2021, humo kuna makazi, usalama, masomo, msaada wa wenzako walioko mbali, siyo hela tu. Uambatishe.

Sista Mkali: Na nesi aliyeshika simu nani anampa pole, haya tuendelee 😂 Umeme ukikata hivyo oksitosini yenu, ile sindano ya kuzuia mama asivuje damu akishajifungua, inakaaje? Ile inataka nyuzi 2 hadi 8, ikishaharibika unachoma maji tu na mama anazidi kuvuja. Kila umeme ukikata andika tarehe na saa, malalamiko ya mdomo hayana faili.

Kiroboto: Si kuna kabetosini, dawa ya kazi hiyo hiyo isiyotaka friji?

Sista Mkali: Ipo, WHO waliikubali 2018, ila ni ya kuzuia, siyo ya kutibu damu ikishaanza kutoka. Na kuipata huko kwake ni kesi nyingine.

Mleta uzi: Aisee sista umenishtua, friji sijawahi kuifungua mimi. Nimetoka kuiangalia sasa hivi, kipimajoto kinasoma 17. Mwenye mfano wa barua anirushie PM, naiandika leo leo.