Mashua yetu huvuja tukipiga bisho, tukitia nanga hupoa: tuanzie wapi?

Mkaa Mashuani (Mikindani)

Ndugu zangu, salaam. Mimi na mume wangu tunaishi ndani ya mashua ya mbao yenye urefu wa mita 11, yenye tanga na injini ndogo ya dizeli, nasi huzunguka nayo kati ya Kilwa, Lindi na Mikindani. Maisha yake tumeyazoea: maji ya kunywa hubebwa kwa madumu, chakula hupikwa kwa jiko la gesi, na taa hutegemea sola. Kinachotusumbua ni ngama, maji yanayojikusanya chini ndani ya chombo. Tukiwa tumetia nanga hapa ghubani hukumba ndoo moja kwa siku, lakini juma lililopita, tulipotoka Lindi tukipiga bisho, yaani kwenda kwa tanga dhidi ya upepo wa kusi, tulikumba ndoo moja kila robo saa hadi mikono ikafa ganzi. Fundi mmoja ametushauri tuivishe mashua yote faiba kwa nje. Gharama yake ni kubwa, hivyo naomba ushauri kabla hatujatoa fedha.

Fundi Mstaafu (Lindi)

Mwanangu, faiba iache kwanza. Mbao hunywa maji zikavimba na hukauka zikasinyaa, nayo faiba haifuati mwendo huo. Maji yakishapenya nyuma yake hufungiwa humo, na mbao huoza huku nje kunang'aa. Chombo kinachovuja zaidi kikiwa katika bisho huwa aghlabu viungo vyake vinacheza kwa nguvu ya tanga na mawimbi. Niambie mambo mawili: injini ilikuwa inazunguka, na mashua huvuja zaidi ikilalia upande gani? Kama injini ilikuwa inazunguka, tazameni kwanza pale mtaimbo wa rafadha (propela) unapotokea nje, kwa maana hapo panahitaji spana tu na si fundi wa mbao.

Mkaa Mashuani

Shikamoo, fundi. Injini ilikuwa imezimwa. Huvuja zaidi tanga likiilaza upande wa kushoto.

Fundi Mstaafu

Marahaba. Basi shuku maungio ya kushoto, yale yanayokaa juu ya maji mashua ikitulia na kuzama inapolala upande wa demani, ule usioelekea upepo. Hayo hupigwa na jua kutwa nzima ghubani, hukauka na kuachana.

Pwelezeni chombo, yaani kiacheni kikae chini maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu usio na mawe na mkisimamishe kwa magadi, miti ya kukiegemeza. Bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, huwa kubwa siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, na pwani yetu maji yake hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, yakapwa mnamo saa nne, kwa hiyo mtapata asubuhi nzuri ya kazi. Msipweleze siku ya bamvua kuu yenyewe: maji ya siku zinazofuata hupungua, nanyi mtaweza kukaa pwani karibu wiki mbili mkingoja chombo kielee. Pwelezeni maji yangali yanakua.

Chokoeni pamba kuukuu iliyo katika maungio, kausheni ufa, kisha mkalafati, yaani mzibe, kwa pamba mpya iliyosokotwa na kutiwa mafuta. Hapa ndipo vijana wengi huharibu, wakidhani kugonga sana ndiyo kazi. Mbao zitavimba zikirudi majini, na pamba iliyoshindiliwa kupita kiasi huweza kuzisukuma zikang'oka kwenye mataruma, mbavu za chombo. Mkimaliza, pakeni deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) chini na sifa (mafuta ya papa) juu. Harufu ya sifa mtaizoea.

Mama Nahodha (Mtwara)

Naongeza dogo. Onjeni maji ya ngama: yakiwa matamu, yanatoka kwenye tangi lenu au ni mvua iliyopita sitahani. Nami kila jioni huimwagia sitaha maji ya bahari, kwa sababu huzuia mbao zisiachane, na chumvi huchelewesha kuoza, tofauti na maji ya mvua.

Mkaa Mashuani

Tumeonja, ni ya chumvi. Tumepweleza, na pamba ya ungio la tatu upande wa kushoto imetoka kwa kuvutwa na vidole, imeoza kwa urefu wa mkono mzima. Misumari mitatu imeliwa na kutu. Mume wangu anataka kutia ile ya chuma kisichoshika kutu.

Fundi Mstaafu

Asitie hiyo chini ya maji. Ndani ya mbao iliyolowa, pasipo hewa, chuma hicho huliwa kwa siri huku kichwa cha msumari kikionekana kizima. Atumie misumari mizito iliyopakwa zinki, na kila tundu atoboe kwanza, asije akaipasua mbao.

Mkaa Mashuani

Ahsante, fundi. Jana tulibisha hadi nje ya ghuba na kurudi, tukakumba ndoo mbili tu. Sitaha ingali inadondosha maji juu ya debe la unga, kwa hiyo leo jioni naanza dawa ya Mama Nahodha.