Lile duka la mvinyo la Sinza limenipangusia chupa mbele ya watu

BintiMpunguzi:

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, na sina mpango wa kusubiri zipoe. Lile duka la mvinyo na pombe kali la Sinza, mnalijua wote, lile lenye taa za rangi ya dhahabu na mlinzi anayekufungulia mlango wa kioo, jioni hii limenifanyia jambo ambalo sijawahi kufanyiwa hata gengeni wakati wa mvua. Jina silitaji, maana kila aliyewahi kupita barabara ile akienda kula chipsi kuku analifahamu, na yule bwana wa kaunta ambaye hajawahi kumpa mtu salamu anafahamika zaidi.

Niliinua chupa kutoka kwenye rafu ili nisome lebo ya nyuma. Yule bwana akatoka nyuma ya kaunta, akaichukua chupa mkononi mwangu, akatoa kitambaa mfukoni, akaipangusa pale vidole vyangu vilipokuwa, akairudisha mahali pake na kuigeuza ili lebo itazame mbele. Hakusema karibu, wala hakuuliza ninatafuta nini. Aliipangusa, wakuu! Mikono yangu ilikuwa safi, na hata ingekuwa na tope lote la bonde la Msimbazi, chupa ni ya kioo na mvinyo uko ndani.

Nilikwenda pale kutafuta mvinyo mwekundu wa Dodoma, ule usio mtamu, kwa ajili ya wakwe zangu wanaokuja kutoka Arusha, kwa sababu nilitaka wanywe kitu kilichotoka kwetu. Mimi ni mtoto wa Mpunguzi. Nimekulia katikati ya mashamba ya zabibu, nimepogoa, nimevuna, nimebeba makreti kichwani, na ninajua kwamba Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ufaransa na baridi yake yote haiwezi. Vidole hivyo ndivyo vilivyopangusiwa chupa.

Sasa niwaambie mvinyo wa Dodoma ulipo ndani ya duka lile. Uko sakafuni, karibu na mlango, nyuma ya kreti za soda, mahali ambapo ili uuone ni lazima upige magoti. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwamba hizo ni za watu wa sherehe na kwamba rafu za juu ni kwa ajili ya wateja wao. Kwenye rafu hizo za juu kuna chupa za Afrika Kusini, Ufaransa na Italia zilizosimamishwa wima dirishani zikipigwa na jua la Dar es Salaam kutwa nzima, huku kiyoyozi kikiwa kimeelekezwa kaunta kumpuliza yule bwana. Mvinyo wenye kizibo cha gome hulazwa ubavu ili kizibo kibaki na unyevu, la sivyo kitakauka, hewa itapenya na mvinyo utaharibika. Tena unahitaji ubaridi wa nyuzi 12 hadi 15 hivi, mahali pasipofikiwa na jua. Chupa za kifuniko cha kuzungusha hazidai kulazwa, lakini joto linaziharibu vilevile. Mtu aliyezianika chupa zake dirishani kwa miezi ndiye aliyeona kwamba anayeziharibu ni mimi niliyeishika moja kwa muda wa kusoma mistari miwili.

Narudi kwenye kitambaa, kwa sababu hamjakielewa bado. Kilikuwa ni kitambaa kile kile alichokuwa amejifutia jasho la shingo muda mfupi uliopita. Alianza na shingo ya chupa, akaenda tumboni, akamalizia kitako, kama daktari anayejiandaa kwa upasuaji, na foleni nzima ikawa inatazama. Kijana aliyekuwa nyuma yangu aliondoa mikono yake kwenye rafu na kuitia mfukoni haraka. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu alirudisha chupa mbili alizokwisha kuzichagua, akazishika kwa ncha za kanga yake. Angepangusa kidogo zaidi, maandishi ya lebo yangehamia kwenye kitambaa na duka zima lisingejua tena lile ni jina la mvinyo gani.

Sitaki punguzo wala zawadi. Nataka aeleze, mbele ya watu wale wale, ni uchafu gani alioupangusa.

MkaaLegho:

Pole sana, dada. Mimi yule bwana aliniuliza kama nimetumwa na bosi wangu, na nilipomwambia kwamba ninanunua kwa fedha zangu mwenyewe, alinionyesha pombe ya bei ya chini kabisa bila kunyanyuka kwenye kiti. Nilikuwa nimevaa kandambili, ni kweli, lakini sikujua kwamba mvinyo huuzwa kwa kuangalia miguu. Wewe angalau alitoka nyuma ya kaunta kwa ajili yako.

Kiroboto_wa_Mori:

Mleta mada, nimesoma uzi wako mara mbili nikitafuta kosa, na nimeona kwamba umepangusiwa chupa, basi. Watu wanapangusiwa mifuko kila siku katika mji huu na hawafungui nyuzi. Kama ulitaka mvinyo wa Dodoma, ungepiga magoti, ungechukua, ungelipa na ungekwenda kuwapikia wakwe zako.

BintiMpunguzi:

Kiroboto, nisingepiga magoti mbele ya mtu aliyekuwa bado ameshika kile kitambaa. Aliipangusa chupa kwa sababu niliigusa mimi; mteja aliyenitangulia alizishika nne, akazigonganisha, na hakuna kilichopanguswa.

Aliyewahi_Kaunta:

Naomba nitetee upande wa pili, kwa sababu nimewahi kufanya kazi katika duka la aina hiyo, ingawa si hilo. Chupa inapovunjika, mwenye duka humkata mhudumu mshahara, na chupa moja ya konyaki ya Ufaransa inaweza kumaliza mshahara wa mwezi na kuanza kuula wa mwezi unaofuata. Ndiyo maana tunaingiwa na homa tukiona mtu ameinua chupa. Hata hivyo, njia ya heshima ni kumkaribia mteja, kumsalimia na kumsomea lebo. Kupangusa mbele yake ni ukosefu wa adabu, na hilo sitalitetea.

Mteja_Mwenye_Risiti:

Mnazungumzia kitambaa, na mimi nina jambo zito zaidi dhidi ya duka hilo hilo. Niliuziwa chupa ya prosecco kwa bei ya shampeni, na kibandiko cha bei pale rafuni kiliandikwa shampeni kwa herufi kubwa. Shampeni ni mvinyo wa povu unaotoka jimbo la Champagne huko Ufaransa peke yake, na povu lake hutengenezwa ndani ya chupa, ambamo mvinyo hukaa kwa muda mrefu kabla ya kuuzwa. Prosecco hutoka kaskazini mashariki mwa Italia, na povu lake kwa kawaida hutengenezwa ndani ya tangi kubwa, ndiyo maana bei yake huwa ya chini. Ni kinywaji kizuri na ninakipenda, lakini nilikilipia jina la kinywaji kingine. Niliporudi kulalamika, niliambiwa kwamba kila chenye povu ni shampeni. Nilipodai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliambiwa kwamba mashine imeharibika, na mashine hiyo imeharibika tangu lile duka lifunguliwe.

Babu_wa_Wiski:

Hilo la shampeni ni dogo. Mimi yule bwana aliniambia kwamba wiski iliyoandikwa miaka 12 sasa ina miaka zaidi ya 20, kwa sababu imekaa dukani muda mrefu, na kwamba ndiyo sababu bei imepanda. Wiski hukomaa ndani ya pipa la mwaloni. Ikishaingia chupani, umri wake umesimama, na ungeiweka rafuni mpaka wajukuu zako waote mvi ingebaki kuwa ya miaka 12. Sheria ya Uskoti inataka wiski yao ikae pipani angalau miaka 3, na hakuna sheria inayohesabu miaka ya kukaa Sinza. Nilimweleza haya kwa upole, na foleni nyuma yangu ikanizomea kwa kuwachelewesha.

Kiroboto_wa_Mori:

Babu, hapo nakuunga mkono. Hata mimi niliwahi kuuziwa umri wa vumbi.

Mwanafoleni:

Kwa ninyi mnaonunua pombe kali, acheni kubishana kuhusu umri na mwanze kuangalia stempu. Tangu 2019 TRA imeweka stempu za kielektroniki kwenye mvinyo na pombe kali, na kuna programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu ambayo inasoma stempu hiyo na kukuonyesha taarifa za bidhaa. Niliitumia pale pale kaunta kwenye chupa ya jini, stempu ikakataa kusomeka, na yule bwana akaniambia kwamba simu yangu ndiyo mbovu. Nilijaribu kwa simu ya mlinzi, ikakataa pia, na mlinzi akafukuzwa arudi mlangoni.

Jirani_wa_Kilimani:

Salamu kutoka Nairobi, ndugu zangu. Ninyi mnalalamika kupangusiwa chupa mliyoishika, na sisi huku mtaani hatuishiki kabisa. Duka la pombe lina nondo kuanzia kaunta hadi dari, unaonyesha kwa kidole, muuzaji anakupitishia chupa kwenye kitundu baada ya kupokea pesa, na ukisema kwamba siyo uliyoiomba, pesa yako tayari iko upande wa pili wa nondo. Juzi niliomba Pinotage ya Stellenbosch, nikapitishiwa mvinyo mtamu wa pakiti. Nilipojaribu kumweleza muuzaji kwamba Pinotage ni zabibu iliyozalishwa huko Afrika Kusini mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, aliniuliza kama nataka na barafu.

MkaaLegho:

Jirani, usituletee nondo. Yule bwana akiusoma uzi huu ataziweka kesho.

Mkulima_Hombolo:

Mimi ninalima zabibu na nimesoma haya yote kwa uchungu. Mnagombania nani kapangusa na nani kauziwa povu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mvinyo wetu uko sakafuni. Zabibu haisubiri: ikishaiva, tusipopata mnunuzi mapema, inaozea shambani, na hapo viwanda vinatupangia bei wanayotaka. Kisha maduka ya Dar es Salaam yanachukua mvinyo mtamu tu, kwa sababu ndio wanaouona kwenye sherehe, na mvinyo usio mtamu wa zabibu za Makutupora nyekundu au Chenin Blanc unabaki huku huku Dodoma. Mwenye duka akiuweka juu kwenye taa kwa mwezi mmoja tu, ataona nani atakayeununua.

Mteja_Mwenye_Risiti:

Mkulima, hiyo Makutupora nyekundu ninaitafuta tangu mwaka jana. Inapatikana wapi hapa mjini?

Mkulima_Hombolo:

Agiza kwa mtu anayekuja Dar kwa basi au kwa treni, aufunge vizuri na asiuweke karibu na dirisha. Ukifika, ulaze mahali penye kivuli siku chache kabla ya kuufungua.

Mwanafoleni:

Na mimi naomba msaada hapo hapo kwenye kufungua. Kizibuo nilichouziwa na lile duka kilikatika ndani ya kizibo, na nusu ya kizibo imebaki shingoni mwa chupa. Ninafanyaje?

Aliyewahi_Kaunta:

Kisukumie ndani kwa mpini wa kijiko, mimina polepole, na uchuje kwa chujio la chai.