Mafuta yakiadimika, tutalima kwa kitu gani?

Fundi Dizeli: Nimetengeneza injini za dizeli miaka 20, na jambo moja linaninyima usingizi: mafuta yakiadimika, matrekta na malori ya chakula yataendeshwa kwa kitu gani?

Mkulima: Itazame Kuba. Umoja wa Kisovyeti uliposambaratika mwaka 1991, mafuta ya bei nafuu ambayo Kuba ilipata kutoka huko yalikatika. Watu walipanda baiskeli, maksai wakakokota plau, viwanja vya Havana vikageuka bustani za mboga. Lakini watu walikonda, tusilisahau hilo.

Msafiri: Magari madogo yatatumia umeme. Malori ya masafa marefu ndiyo kazi. Mizigo irudi kwenye reli.

Fundi Dizeli: Hilo la kukonda limenichoma. Basi maksai wafunzwe sasa, pampu zingali na mafuta.